Faida Hii Inatoka Wapi? Tafakari juu ya Amri ya Saba

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mchungaji wa usharika mmoja kwenye miteremko ya Mlima Meru, mama mjane alinifuata ofisini baada ya ibada ya Jumapili. Nje mnada wa mazao ya sadaka ulikuwa unaendelea, na sauti ya mzee wa kanisa akipandisha bei ya mkungu wa ndizi ilitufikia dirishani. Mama alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Ulisema kwamba mtu akiweka shilingi 500,000 atapokea shilingi 150,000 kila mwezi, na akileta wenzake atapokea zaidi. Yeye alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Fedha hiyo ilikuwa ada ya binti yake chuoni, na aliona kwamba ikizaa kidogo itamfikisha binti hadi mwaka wa mwisho. Aliniuliza, "Mchungaji, jambo hili ni halali?"

Nilimwuliza kama ni kamari. Akasema hapana. Nikamwuliza kama kuna mambo ya kishirikina ndani yake. Akasema hapana. Nikamwambia aombe, na kama moyo wake una amani, aendelee. Tukasali pamoja, akaondoka ameridhika.

Alipokea malipo ya mwezi mmoja. Ya miezi iliyofuata alishauriwa ayaache humo yaendelee kuzaa. Mwezi wa tano namba zote za simu zilikuwa hazipatikani. Nilipokwenda nyumbani kwake nilikuwa nimejiandaa na Neno la faraja. Alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, kisha akasema kwa upole: "Mchungaji, ungeniambia tu kwamba hujui. Ningemwuliza mwingine."

Sijaweza kuyasahau maneno hayo, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Je, kutoelewa mambo ya fedha ni upungufu tu wa elimu, kama vile kutojua kuendesha trekta? Au kuna mahali ambapo kutojua huko kunakuwa kosa mbele za Mungu na mbele ya jirani?

Sisi Walutheri tumejifunza jibu tukiwa watoto, ila wengi wetu tulilikariri bila kulisikia. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoieleza Amri ya Saba, haishii kwenye kukataza wizi. Anasema tusichukue mali ya jirani, wala tusiipate kwa bidhaa mbovu au biashara ya hila; halafu anaongeza upande wa pili, kwamba tumsaidie jirani kuikuza na kuilinda mali yake na riziki yake. Watoto wa kipaimara wanaweza kuyasema hayo kwa pumzi moja. Lakini tazama yanavyodai. Nitailindaje mali ya mjane kama sijui inavyoibiwa? Siku ile ofisini sikuchukua hata senti yake. Kwa nusu ya kwanza ya amri nilikuwa sina hatia. Kwa nusu ya pili nilikuwa mlinzi aliyelala langoni.

Kuna mambo machache ambayo ningekuwa nayajua, ningeweza kumjibu. Nayaandika hapa kwa ajili ya mchungaji mwingine, mwinjilisti au mzee wa kanisa ambaye Jumapili ijayo ataulizwa swali kama lile.

La kwanza ni hesabu yenyewe. Shilingi 150,000 kwa mwezi juu ya 500,000 ni asilimia 30 kwa mwezi. Chukua shilingi 100,000 uiache izae kwa kiwango hicho. Baada ya miezi 12 itakuwa zaidi ya shilingi 2,300,000. Baada ya miaka miwili itakuwa zaidi ya milioni 54. Mtu anayeweza kweli kufanya hivyo ana haja gani na ng'ombe wawili wa mjane? Angeanza na laki moja yake mwenyewe na baada ya miaka michache angenunua jiji zima la Arusha. Hesabu hii inafanyika kwa simu hiyohiyo iliyoleta ujumbe. Haihitaji digrii, inahitaji mtu akae dakika tano kabla ya kusema "tuombe."

La pili ni chanzo cha faida. Mkulima wa Meru analielewa jambo hili kuliko anavyodhani. Anajua kwamba mche wa kahawa unakaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vizuri, na kwamba hauzai kwa sababu umeahidiwa, bali kwa sababu ya udongo, mvua, mbolea na jembe. Faida ya haki ina mzizi unaoonekana. Mtu amelima, amefuga, amejenga au amefundisha. Au amenunua bidhaa Kilombero na kuibeba hadi mahali inapohitajika, akikubali hatari ya kupata hasara. Au amemwachia mwingine fedha yake aitumie kuzalisha, naye analipwa sehemu ya kile kilichozalishwa. Riba ya benki, gawio la hisa na malipo ya hatifungani ya serikali vyote ni vya aina hii ya tatu. Ukinunua hisa, umekuwa mwenye sehemu ndogo ya kampuni. Ikipata faida unaweza kupewa gawio, ikianguka unaanguka nayo. Ukinunua hatifungani, umeikopesha serikali nayo inakulipa kwa ratiba kutokana na mapato yake. Ukiweka fedha katika mfuko wa pamoja, kama Mfuko wa Umoja ulioanzishwa nchini mwaka 2005, fedha yako inaunganishwa na ya maelfu wengine na kugawanywa katika vitega uchumi vingi, ili kimoja kikiyumba visiyumbe vyote. Mhubiri alishashauri kugawa sehemu saba, hata nane, kwa kuwa hatujui baya litakalotokea (Mhu. 11:2).

Lakini kuna faida ambayo haina mzizi wowote ila fedha ya mtu anayefuata. Anayeingia leo analipwa kwa fedha ya atakayeingia kesho, na atakayeingia mwisho halipwi na mtu. Sheria yetu inaiita biashara hiyo upatu, na hapo neno limeharibiwa. Upatu wa mama zetu, au mchezo, ni jambo la uaminifu: watu kumi wanachanga kiasi kilekile, kila mmoja anapokea kwa zamu, na mwisho wa mzunguko kila mtu amepata alichoweka, bila kuzidi wala kupungua. Hakuna anayeahidiwa faida, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuibiwa ili mwingine apate. Walaghai walichukua jina la mchezo huo wa heshima, wakaongeza ahadi ya faida, na ahadi hiyo ikaugeuza kuwa mtego.

Nchi yetu ilipata somo kubwa juu ya hili mwaka 2009, serikali ilipoisimamisha DECI. Watu wa mikoa mingi walikuwa wameweka fedha zao humo, na viongozi wake walishtakiwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Linalopaswa kutuumiza sisi watumishi ni kwamba walioongoza shughuli ile walijulikana kama wachungaji, na lugha iliyotumika ilikuwa lugha ya madhabahuni. Mwanachama hakusema "nimeweka fedha". Alisema amepanda mbegu na anasubiri kuvuna. Watu hawakudanganywa kwa lugha ngeni ya wachumi. Walidanganywa kwa lugha tuliyowafundisha sisi. Mtu aliyezoea kusikia mimbarini kwamba ukitoa kidogo kwa imani utarudishiwa mara thelathini, bila kuuliza njia, alishaandaliwa nusu ya safari. Nusu iliyobaki ilikuwa ni kujaza fomu.

Sisemi haya kuwahukumu watu wa madhehebu mengine. Mwaka uleule mjane wangu alipopoteza fedha yake, kaka mmoja katika usharika wetu alileta sadaka ya shukrani. Alisimama mbele, akasema Mungu amemfungulia milango, akatoa bahasha yenye shilingi 300,000. Niliiombea mbele ya usharika wote, na mama yule alikuwa ameketi benchi la tatu. Fedha ikaenda kwenye mabati ya kanisa. Baadaye, mambo yalipofumuka, tuligundua kwamba kaka yule alikuwa ameingia mapema katika mtandao uleule, akalipwa mara kadhaa, akatoka. Alikuwa mtu mwaminifu. Hakujua. Lakini kwa kuwa mtandao ule haukuzalisha kitu chochote, fedha aliyolipwa ilikuwa fedha ya watu walioingia nyuma yake. Sijui kama noti za mjane zilikuwa ndani ya bahasha ile, na haina maana kuuliza noti zipi. Fedha ya watu kama yeye ilipita mikononi mwa kaka, ikapita mikononi mwangu, nikaibariki.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba swali "faida hii inatoka wapi?" si swali la wachumi tu. Ni Amri ya Saba ikiwa imewekwa katika namna ya swali. Tumezoea kuwaonya watu wasiingie kwenye upatu kwa sababu watapoteza. Ni kweli, lakini onyo hilo ni la busara tu, halijafika kwenye maadili. Anayepoteza ameibiwa, anayefaulu ameshika mali ya kuibiwa. Mkristo anapaswa kuogopa la pili kuliko la kwanza.

Baraza la wazee lilijadili suala la bahasha ile kwa vikao viwili. Wengine walisema sadaka ikishawekwa madhabahuni haiulizwi. Wengine walikumbuka kwamba makuhani wa Yerusalemu, kwa dhambi zao zote, walikataa kuweka vipande vya fedha vya Yuda katika sanduku la hazina (Mt. 27:6). Mwishowe tuliamua kiasi kilekile kitolewe kidogokidogo kutoka mfuko wa usharika kwenda diakonia, kwa ajili ya waliopoteza. Kaka yule alijiunga mwenyewe, akaongeza mbuzi. Haikufikia hata robo ya kilichopotea. Mimi nilisimama ibadani nikasema kwamba mama mmoja aliniomba ushauri nikampa jibu la jambo nisilolijua, na kwamba nimekosa. Sikuwahi kuhubiri ibada iliyonigharimu kuliko hiyo.

Mtu anaweza kusema sasa: basi Mkristo akae mbali kabisa na mambo haya, afiche fedha yake ndani ya godoro, amngoje Bwana. Yesu alikutana na mtu wa namna hiyo katika mfano wa talanta (Mt. 25:14–30). Tunaposikia neno talanta tunafikiri kipaji cha kuimba kwaya. Kwa wasikilizaji wa kwanza talanta ilikuwa fedha, na fedha nyingi: kama dinari 6,000, yaani mshahara wa kibarua kwa miaka ipatayo ishirini. Mtumwa wa tatu aliifukia. Bwana wake hamlaumu kwa kupata hasara. Anamwambia kwamba angalau angeipeleka kwa watoa riba. Na sababu ya kufukia inatajwa wazi: aliogopa. Alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu, na hofu hiyo ikamfanya asitende chochote.

Siuchukui mfano huu kuwa somo la benki. Ni mfano wa Ufalme. Lakini hautumii picha ya uongo. Fedha iliyofukiwa hupungua kweli. Tukichukua mfumuko wa bei wa asilimia 4 tu kwa mwaka, shilingi 1,000,000 iliyokaa kwenye godoro kwa miaka kumi itanunua vitu vya kama shilingi 675,000 za leo. Hakuna mwizi aliyeingia, na bado theluthi imekwenda. Kwa hiyo hata asiyefanya lolote amefanya uamuzi, nao una gharama yake.

Wala benki si mbingu. Watu wa Meru hatuhitaji kuelezwa hili na mgeni. Mwanzoni mwa Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa mara moja kwa sababu mitaji yao ilikuwa chini ya kiwango kinachotakiwa, na mojawapo ilikuwa Meru Community Bank. Nyingine, Benki ya Efatha, ilizaliwa ndani ya huduma ya Kikristo. Hizi hazikuwa upatu. Zilikuwa benki zenye leseni, zilizokopesha watu halisi. Benki huchukua amana zetu na kuzikopesha. Mtaji wa wenye benki ni kama mto unaopokea pigo wakopaji wanaposhindwa kulipa. Mto ukiwa mwembamba mno, pigo hufika kwa mwenye amana. Ndiyo maana ipo Bodi ya Bima ya Amana. Wakati ule bima hiyo ilimlipa mwenye akaunti hadi shilingi 1,500,000, na aliyekuwa na zaidi ya hapo alisubiri mfilisi akusanye madeni na kuuza mali. Baadaye kiwango kimepandishwa hadi shilingi 7,500,000. Ni waumini wangapi wanaijua namba hiyo? Ni wahazini wangapi wa sharika zetu, wanaotunza fedha za ujenzi kwenye akaunti moja tu, wanaoijua?

Kanisa letu halikuzikimbia benki. Uchumi ya Moshi na Maendeleo ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2013, zote zimetoka katika dayosisi za KKKT. Ninafurahi juu yao. Lakini jina la kanisa juu ya mlango halimwondolei mtu wajibu wa kuuliza. Nasi viongozi tunajua, ingawa hatupendi kulisema, kwamba kanisa nalo likikopa kujenga kitega uchumi bila kupiga gharama kama yule mjenzi wa mnara (Lk. 14:28), deni hurudi kwenye bahasha za wajane.

Upande wa pili wa fedha ni kukopa, na hapa ndipo machozi mengi yalipo. Mjini Arusha, mitaani na masokoni, kila mtu anajua maana ya kausha damu. Ni mkopo unaotolewa haraka, bila maswali, kwa riba ya asilimia 20 au 30 kwa mwezi, na dhamana ni kadi ya benki, televisheni au godoro la watoto. Mama anakopa shilingi 200,000. Kwa asilimia 20 anadaiwa 240,000 mwezi ukiisha. Akishindwa, deni linabebwa kwenda mwezi unaofuata pamoja na riba yake. Baada ya miezi sita anadaiwa karibu 600,000, na baada ya mwaka karibu 1,800,000. Ni hesabu ileile ya upatu, ila sasa imemgeukia. Kule iliahidi kumtajirisha bila kuzalisha. Hapa inamfilisi ingawa anazalisha.

Katika kitabu cha Nehemia sura ya 5, wanawake kwa wanaume wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba, na watoto wao wanachukuliwa utumwani. Nehemia anakasirika na kuwaamuru wakopeshaji warudishe vyote, pamoja na sehemu ya mia ya fedha waliyokuwa wakitoza. Wafafanuzi wengi wanaielewa sehemu hiyo kuwa asilimia moja kwa mwezi. Asilimia moja! Kama moja ilimfanya mtu wa Mungu aite mkutano, ishirini itufanye nini? Torati inakataza kumtoza riba ndugu aliye maskini (Kut. 22:25, Law. 25:36), na naamini katazo hilo halijazeeka. Kumkopesha mfanyabiashara mtaji ili mgawane kilichozaliwa ni jambo moja. Kuigeuza njaa ya mtu kuwa shamba lako ni jambo jingine. Luther aliona tofauti hiyo. Mwaka 1540, akiwa amezeeka, aliwaandikia wachungaji akiwahimiza wahubiri dhidi ya wala riba. Hakusema ni kazi ya wataalamu.

Lakini Luther hakuishia kukemea. Mwaka 1523 usharika wa mji wa Leisnig, Ujerumani, ulianzisha sanduku la pamoja, naye akaliandikia dibaji. Mapato ya kanisa yaliwekwa humo kwa ajili ya maskini, yatima, watumishi na shule, na fundi aliyekwama aliweza kukopeshwa ili asimame tena. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake walipewa watu wa makundi manne tofauti, wakiwamo wakulima wa vijijini, ili pasiwe na mmoja awezaye kulifungua peke yake. Hesabu zilisomwa mbele ya watu.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, kwa sababu sanduku hilo ninalijua. Liko kwenye jumuiya zetu. Ni sanduku la VICOBA, lenye kufuli tatu, na funguo kwa akina mama watatu wasiokaa nyumba moja. Sanduku halifunguliwi mpaka wote wafike, na fedha inahesabiwa mezani kila mtu akiona. Akina mama hao hawakuhitaji kusoma habari za Leisnig. Waliijua dhambi ya asili kwa namna ya vitendo: kwamba hata mtu mwema hapaswi kuachiwa funguo zote.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mitume walisema haifai waliache Neno la Mungu wakahudumie mezani (Mdo. 6:2). Mchungaji ahubiri Injili, fedha ziachwe kwa wahasibu. Lakini soma mistari inayofuata. Mitume hawakuiacha meza. Walitafuta watu saba, wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakawakabidhi jambo hilo kwa maombi. Sikupaswa kuwa mtaalamu siku ile mjane alipokuja. Nilipaswa kujua mambo mawili tu: mpaka wa ujuzi wangu, na jina la mtu wa kumpeleka kwake. Katika usharika ule walikuwapo mwalimu wa hisabati, karani mstaafu wa benki na mhazini wa SACCOS. Niliwajua wote kwa ahadi zao za ujenzi. Sikuwahi kuwauliza wanajua nini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tukianza kufundisha fedha kanisani, je, hatutamwambia maskini kwamba umaskini wake ni ujinga wake? Hatari hiyo ipo. Mtu mwenye robo ekari aliyorithi pamoja na ndugu wanne, anayeuza kahawa kwa bei asiyoipanga, hatatajirika kwa kuelezwa maana ya hatifungani. Mahali fulani suala si elimu ya akiba, ni haki. Mlima huu unalijua hilo. Mwaka 1951 karibu watu 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha, watu wa ndizi na kahawa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Ukiuliza kwa lugha ya wawekezaji, mchango ule ulipotea wote. Hakuna mzee wa Meru atakayekubali kwamba ulipotea.

Kwa hiyo fedha ina matumizi ambayo hayamo katika jedwali la faida: sadaka, mchango wa haki, deni lililosamehewa. Anayeelewa fedha vizuri ndiye anayeweza kutoa hivyo kwa hiari, akijua anachotoa. Aliyenaswa na kausha damu hana cha kutoa, na aliyenaswa na upatu anadhani anatoa kumbe anapanga kupokea. Namwelewa hivi Paulo anaposema kupenda fedha ni shina la mabaya (1 Tim. 6:10). Anazungumza juu ya kupenda. Kujua ni jambo jingine, na mara nyingi anayeabudu fedha ni yule anayeiona kama muujiza, isiyo na chanzo wala kanuni. Ukijua kwamba ni jasho la mtu fulani lililohesabiwa, unaanza kuishika kwa adabu.

Baada ya mambo yale tulianza darasa dogo katika jumuiya, Alhamisi jioni. Mwalimu wa hisabati aliliongoza, mimi nikakaa na wanafunzi. Hatukufundisha utajiri. Tulifundisha kuuliza. Faida hii inatoka wapi? Nani amempa mtu huyu leseni, na je, ni Benki Kuu, Tume ya Maendeleo ya Ushirika au halmashauri inayomsimamia? Nikitaka fedha yangu kesho, naipata? Nikiipoteza yote, watoto watakula nini? Karani mstaafu aliongeza moja: anayekuharakisha uamue leo, anaficha nini hadi kesho?

Mama yule alihudhuria tangu siku ya kwanza. Binti yake alikatiza chuo mwaka mmoja, kisha akarudi kwa msaada wa wajomba zake, akamaliza. Jumapili moja, wakati wa mnada, mama alinijia tena na simu mkononi. Kulikuwa na ujumbe mwingine, maneno mengine, ahadi ileile. Nilifungua kinywa nimweleze. Akanizuia kwa mkono, akasema, "Hapana, Mchungaji. Nimeshahesabu. Nimekuletea ili uwatangazie wengine."

Nikautangaza kabla ya baraka.